Kangomba ya Vyuo Itoke Tandahimba

Kila mkulima wa korosho kuanzia Mahuta hadi Newala anaijua kangomba. Mnunuzi anaingia kijijini mikorosho ikiwa bado na maua, anamkuta mama mwenye mgonjwa au mzee aliyekosa hela ya salfa, anamshikisha fedha kidogo na kuandikisha korosho ambazo hata hazijaanguka. Msimu ukifika, mzigo si wa mwenye shamba tena. Serikali imepiga marufuku, viongozi wamefoka, watu wamekamatwa. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza msimu wa 2007/2008 ulikuja ili mkulima auze mnadani, bei isomwe kwa sauti na kila mtu asikie. Nasema bila kuuma maneno: kangomba imehamia kwa watoto wetu wa kidato cha nne, na huku hakuna anayeikamata.

Wanajiita mawakala wa vyuo. Wanapanda huku Tandahimba kutoka Mtwara mjini, Masasi, hata Dar es Salaam, na hawaji ovyo. Wanakuja mwishoni mwa mwaka, malipo ya korosho yanapoingia benki, mtihani wa kidato cha nne umekwisha na matokeo hayajatoka. Mtoto yuko nyumbani, hajui kapata nini. Mzazi ana fedha ambayo hatakuwa nayo tena mpaka mwaka ujao. Hapo ndipo wakala anatoa fomu. Analipwa kwa kichwa: kila mtoto aliyelipiwa ada ya kwanza ana kamisheni yake. Mtoto akisoma, akihamishwa kozi, akirudi nyumbani katikati ya muhula na begi lake, wakala keshalipwa zamani.

Kipeperushi chao kimoja kiko mezani kwangu ninapoandika. Karatasi inang'aa, maandishi ya dhahabu juu ya bluu. Kuna picha ya ghorofa la vioo ambalo ukitazama magari yaliyoegeshwa mbele yake, usukani upande wa kushoto, unajua halijajengwa Tanzania. Chini yake: nafasi chache zimebaki, ajira ya uhakika, mkopo wa uhakika, hata mwenye D mbili aje tuzungumze. Kozi zote ni za afya. Namba ya usajili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, haimo. Ada iliyoandikwa ni ya muhula wa kwanza peke yake. Bima ya afya haimo, sare haimo, fedha ya mazoezi kwa vitendo hospitalini haimo, ya mitihani haimo. Jina la mkuu wa chuo halimo. Kuna namba tatu za simu, na nilipozipiga zote zilipokewa na watu walioniuliza kwanza niko kijiji gani na mtoto wangu ni wa kike au wa kiume.

D mbili! Anayetaka kusomea utabibu ngazi ya stashahada anatakiwa awe na ufaulu usiopungua D nne katika masomo yasiyo ya dini, na humo ndani ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Sharti hili si siri. Linachapishwa katika mwongozo wa udahili. Mtu anayemwambia binti wa Litehu aje na D mbili tuzungumze anajua fika kwamba jina la binti huyo halitapita kwenye uhakiki. Binti atakaa bwenini miezi kadhaa, ataambiwa sifa zake hazikutosha, atasukumiwa kozi nyingine ambayo hakuiomba, na ada haitarudi. Halafu nyumbani watasema mtoto mwenyewe hakuwa na akili. Hili la mwisho ndilo linalonichoma kuliko ada. Tunawarudisha watoto wakiwa na aibu ya kosa ambalo si lao, na mdogo wao anayefuata haulizwi tena habari za chuo.

Na huo mkopo wa uhakika je? Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/2024, tena kwa fani za kipaumbele, kwa kuomba na kushindana. Hakuna wakala duniani anayeweza kumhakikishia mtu mkopo huo akiwa amekaa kwenye benchi la duka la Nanhyanga. Anayeuhakikisha ni mwongo, na anauza uongo huo kwa familia ambazo kilo moja ya korosho ni jasho la mwaka mzima.

Sasa nieleze hasira yangu kubwa iko wapi, maana haiko kwa wakala. Wakala ni mtu wa njaa aliyeona mlango uko wazi. Hasira yangu iko kwa vyuo vya halali vilivyouacha mlango huo wazi, vikakaa kimya.

Maana vyuo vya halali tunavyo. Kuna Chuo cha Ualimu Kitangali, hapo hapo Newala. Kuna chuo cha matabibu Masasi. Kuna chuo cha uuguzi Ndanda, chini ya hospitali ambako kusini nzima imetibiwa. Kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi vya Masasi, Newala na Mtawanya, VETA Mtwara, tawi la Taasisi ya Uhasibu pale Mtwara, na Stella Maris, chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) kilichoanza mwaka 2009. Mtoto wa Tandahimba hana haja ya kuvuka Daraja la Mkapa kutafuta cheti. Lakini nenda kasimame sokoni siku ya gulio, waulize akina mama kumi wakutajie hivyo nilivyovitaja, ada zake na sifa za kuingia. Kisha waulize jina la wakala aliyepita mwaka jana. Utajua nani anafanya kazi.

Chukua vyuo vya maendeleo ya wananchi. Vilianzishwa mwaka 1975, Mwalimu Nyerere akiwa ameziona shule za watu wazima za Sweden. Leo kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho vinawapokea wasichana waliokatishwa masomo, wakiwemo waliojifungua, na vimejengewa vituo vya kulelea watoto ili mama asome mtoto akiwa salama. Novemba 2021 Serikali iliondoa lile katazo la kuwarudisha shule waliopata ujauzito. Hebu fikiri ni wasichana wangapi kwenye kata zetu wako nyumbani na mtoto mgongoni, wakiamini mlango wa elimu ulifungwa siku tumbo lilipoonekana. Hawajui! Hakuna aliyekwenda kuwaambia. Aliyekwenda alikuwa ni wakala wa chuo cha mbali, na yeye alimwambia mwenye mtoto hapokelewi.

Nikiwauliza wakuu wa vyuo kwa nini, majibu ni mawili. La kwanza, chuo si duka, kujitangaza ni kujishusha. La pili, hakuna fungu la kuajiri mtu.

La kwanza ni kiburi, na kiburi hicho kinalipiwa na watu wengine. Kumweleza mzazi ukweli kuhusu chuo, kwa lugha yake, kabla hajatoa hela, ni sehemu ya kufundisha. Katika vyuo vingi nchini kazi hii anapewa mwalimu mwenye vipindi vichache, au karani wa masjala, au kijana wa kompyuta kwa sababu anajua kuweka picha mtandaoni. Hakuna anayemfundisha. Kazi ya kutafuta wanafunzi, kuwashika wasidondoke, kuwafuatilia wakihitimu na kuchangisha fedha za chuo ni taaluma kamili. Duniani ina kozi zake, mitihani yake na miiko yake. Marekani vyuo vina chama chao cha taaluma hii tangu 1974, na katika miiko ya wachangishaji fedha kule, mtu kujilipa asilimia ya alichokusanya ni mwiko. Sisi tunaichukulia kama kubandika matangazo ukutani.

Wala sisemi ya Marekani yote ni mazuri. Kule ndiko tulikoonyeshwa mwisho wa kangomba hii. Mwaka 2012 kamati ya Seneti iliyoongozwa na Tom Harkin ilitoa ripoti juu ya kampuni 30 za vyuo vinavyoendeshwa kwa faida. Kampuni hizo ziliajiri waandikishaji 35,202, na wa kuwasaidia wanafunzi kupata kazi walikuwa 3,512. Zilitumia fedha nyingi kwenye matangazo na uandikishaji kuliko kwenye kufundisha. Sheria ya mwaka 1992 ilikuwa imeshakataza kuwalipa waandikishaji kwa kichwa, vyuo vikatafuta vichochoro. Kampuni ya Corinthian ilifungwa 2015, ya ITT ikafuata 2016, maelfu ya wanafunzi wakabaki na madeni na vyeti visivyokuwa na maana sokoni. Taifa tajiri kuliko yote lilikaribia kushindwa na madalali wa vyuo. Halmashauri ya Tandahimba inadhani itawashinda kwa kunyamaza?

Hata hapa kwetu tumeshaonywa. Mwaka 2016 wanafunzi wa matawi ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu ya Songea na Arusha walitawanywa vyuo vingine baada ya Tume ya Vyuo Vikuu kuyafunga. Julai 2017 Tume ikavizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Tangu mwaka huo huo waombaji wa vyuo vikuu wanaomba moja kwa moja chuoni badala ya kupitia mfumo mmoja wa Tume. Mimi siupingi uamuzi huo, lakini tuseme ulivyo: siku ile soko lilifunguliwa, na hakuna aliyewafunza wauzaji wala kuwalinda wanunuzi. Elimu bila ada imefika mpaka kidato cha sita tangu 2022. Watoto wanaomaliza ni wengi, nao wote wanatafutwa.

Jibu la pili, la kukosa fungu, nalo nalikataa. Chuo kinachomlipa wakala kwa kichwa kina fungu; limetawanywa tu kwenye mifuko ya watu. Kusanya hizo kamisheni za mwaka, ajiri mtu mmoja kwa mshahara, mpe pikipiki na mafuta, mpeleke kozi. Taasisi ya Uhasibu inafundisha masoko na uhusiano wa umma, na tawi lake liko Mtwara. ADEM Bagamoyo kazi yake ni kuwafunza viongozi wa elimu. Kwa nini taasisi hizi zisikae na vyuo vya Mtwara na Lindi zikatunga kozi fupi ya wiki nne kwa maofisa udahili, yenye cheti, na NACTVET ikasema asiye na cheti hicho hatembezi fomu? Mwalimu lazima asomee ualimu. Muuguzi lazima asajiliwe. Anayepokea ada ya mkulima kwa niaba ya chuo ndiye pekee asiyeulizwa kitu.

Na kozi hiyo isiletwe na vitabu vya Chicago. Ifundishwe kwa hesabu za huku. Afisa udahili anayekuja uwanda wa Makonde ajue kwamba hapa mtoto ni wa upande wa mama, na mara nyingi neno la mwisho analo mjomba. Unaweza kumshawishi baba mchana kutwa ukaondoka na ahadi, jioni mjomba akasema hapana, ikawa hapana. Huyo mjomba hasomi Instagram. Oktoba utamkuta ghalani, kwenye mkutano wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), anasikiliza bei. Hapo ndipo pa kumkuta, na baada ya hapo redioni, kwenye Newala FM au Jamii FM, saa ambazo watu wametoka shamba.

Ajue kalenda ya mkorosho, maana hapa ndipo vyuo vinapojikata vyenyewe. Udahili mkubwa ni Septemba. Septemba mkulima wa Tandahimba hana kitu: Mei hadi Julai alikuwa anahangaika na salfa na vibarua wa kupalilia, na mnada wa kwanza ni Oktoba. Chuo kinadai nusu nzima ya ada siku ya kuripoti, mtoto anakosa nafasi, na wiki nne baadaye nyumbani kwao inaingia hela. Oktoba 2024 mnada wa kwanza wa chama kikuu cha ushirika cha TANECU bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yote, ilikuwa 3,300. Bei inapanda na kushuka, lakini mwezi haubadiliki. Afisa aliyefunzwa angeenda kwa mkuu wa chuo na kumwambia: wa Tandahimba na Newala waripoti kwa kiasi kidogo, wamalizie Desemba, tuandikiane na chama chao cha msingi. Hilo halihitaji mfadhili wala bajeti mpya. Linahitaji mtu mmoja aliyekaa akafikiri, na ambaye hiyo ndiyo kazi yake.

Ajue pia kuhesabu wanaopotea njiani. Wangapi walichukua fomu, wangapi walirudisha, wangapi waliripoti, wangapi walikuwepo muhula wa pili, na waliokosekana walikwamia wapi. Chuo kisichojua hesabu hiyo hakijui hata kama kinakufa.

Nije kwenye kuchangisha, kwa sababu ada peke yake haitajenga maabara Newala wala bweni Masasi. Na hapa nina ugomvi na wale wanaosema watu wa kusini hawachangi. Kuchangisha si jambo geni huku. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliofika Masasi mwaka 1876 na Askofu Steere, pamoja na watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar, hawakuishi kwa hewa. Kule Uingereza walikuwa na jarida lao la Central Africa, lililoanza 1883, likimweleza mchangiaji wa senti kwamba fedha yake imefanya nini. Wabenediktini wa Ndanda nao walizitegemea barua na magazeti yao ya misheni kule Ujerumani. Hao hatukuwaita ombaomba. Shule walizozijenga ndizo zilizomlea Benjamin Mkapa wa Lupaso, aliyetawala nchi hii 1995 hadi 2005. Jirani zetu wa Kenya miaka ya 1970 walichanga harambee kujenga vyuo vya ufundi: Murang'a kimekuwa chuo kikuu mwaka 2016, na kilichoitwa WECO kule Kakamega leo ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Vingine havikuota kabisa, michango ikaliwa au ikapotelea kwenye siasa.

Watu wa Tandahimba wamechanga mpaka wakawa na benki ya jamii, TACOBA, ambayo baadaye iliunganishwa na ya Kilimanjaro katika safari iliyozaa Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025. Watu walioweza kuchangia benki watashindwaje kuchangia chuo? Wanachokataa ni makato yasiyo na maelezo. Mkulima ameshakatwa kila namna ya shilingi kwenye kilo yake, ameambiwa ni ya hiki na kile, na mara nyingi hakuonyeshwa hata risiti. Ukimfuata na neno mchango bila daftari wazi, ana haki ya kukufukuza. Mchangishaji aliyefunzwa anaanza na daftari. Anabandika ukutani kwenye ofisi ya chama: tulikusanya kiasi hiki, tulinunua darubini nne, hizi hapa picha na risiti, zimebaki hizi. Anawajua wahitimu wote wa chuo chake, huyu yuko hospitali ya Ligula, yule ana duka la dawa Tunduma, na anawapigia simu kuwasalimu kabla hajawaomba kitu. Vyuo vyetu vina wahitimu wa miaka mingi na vingi havina hata orodha ya majina yao.

TANECU na chama kikuu mwenzake, MAMCU, wanakutana na wanachama kabla minada haijaanza. Nataka jambo hili liwe ajenda, kwa maandishi, na wakuu wa vyuo vya mkoa waalikwe. Waje wenyewe, wasimtume mtu. Kila mmoja aje na namba yake ya usajili, sifa za kila kozi na ada nzima mpaka shilingi ya mwisho, ikiwemo bima ya 50,400 ambayo hakuna kipeperushi kinachoitaja. Waseme nani ni afisa wao wa udahili, alisomea wapi, na analipwaje. Wajomba wawaulize. Na tangu msimu huu, kila chama cha msingi kiweke azimio kwamba mtu yeyote asiye na barua ya mkuu wa chuo na namba ya NACTVET hapewi kipaza sauti ghalani, hagawi fomu kwenye uwanja wa chama, na akikutwa amepokea ada mkononi anapelekwa kituo cha polisi siku hiyo hiyo, kama anavyopelekwa mnunuzi wa kangomba.